Sijasikia

Mama ana pembe ya mti, urefu wa shubiri,
imeng'ara mdomoni kwa miaka thelathini ya sikio.
Ameituliza juu ya matumbo ya nusu ya Limbani,
na tumbo, anasema, lina makelele kuliko soko la Wete:
chakula kinashuka, upepo unazunguka,
na moyo wa mzazi mwenyewe, mzito,
unajidai ndio unaotafutwa.
"Mshike mkono, uhisabu mshipa wake.
Ukienda sawa na unachosikia, umedanganyika.
Sogeza pembe."

Mimi sikufuata uuguzi.
Niko chumba cha uani, saa nane za usiku,
kompyuta juu ya cherehani isiyoshona tena,
natafuta moyo wa nyota iliyokufa
katika Wingu Dogo la Magelani,
galaksi ya jirani.
Jirani! Miaka laki mbili
kwa mwendo wa nuru, bila kupumzika.

Nyota siioni. Naona namba.
Sahani za jangwa la Karoo zilisikiliza kwa saa tatu
zikanitupia mafaili, nami nayakunja,
naukunja wakati kama gora la kanga
nikikisia urefu wa kipande.
Nikikosea kwa uzi mmoja, pindo hupanda mji,
ua huzama katika ua, nguo nzima huwa kijivu.
Nikipatia, ua litalala juu ya ua
mara elfu thelathini
hata liwake.

Jana liliwaka.
Nilisimama kwa pupa, nikajigonga kichwa rafuni.
Kisha nikatazama vizuri: sauti nyembamba na sauti nene
zimefika pamoja, bega kwa bega.
Basi si lako, Sabiha.
Aliyetoka mbali hufika vipande vipande,
wembamba mbele, wanene nyuma,
maana njia nzima imetandwa chembe za umeme
zinazowashika wazito miguu.
Asiyechelewa hajatoka mbali.
Ilikuwa ndege, pengine, na abiria wake wamelala.

Mama akaingia na chai ya mchaichai.
"Ushasikia?"
"Bado."
"Na huyo unayemsikiliza, ushasema kafa."
"Kafa."
"Maiti gani ana mshipa?"
Nikamweleza: jua kubwa kuliko hili letu
likaishiwa, likajiangukia, likajifinya
hata likaenea ndani ya upana wa Pemba,
na bado linazunguka, linapiga.
Akafikiri. "Na karafuu wataanika wapi?"

Tukacheka. Halafu hakucheka.
Najua alikokwenda: kwa Time wa Mtambwe,
msimu ule wa mvua, koroboi mbili, mimi nikishika moja.
Aliihamisha pembe mara saba,
chini ya kitovu, ubavuni, tena chini,
na watu mlangoni wakingoja neno.
Hakusema hakuna.
Alisema, "Sijasikia,"
akaagiza gari la Chake.
Huko mashine ndiyo iliyosema.
Usiku ule aliichemsha pembe, akaifuta, akaifunga kitambaani.
Alfajiri akaifungua kwa mwengine.

Simu yake imelia sasa. Kipangani, uchungu wa kwanza.
Bodaboda inamngoja nje, taa yake ukutani kwangu,
na mimi, kwa mazoea ya kazi, najikuta
nahisabu mngurumo wa injini.

Umeme umekatika. Betri ina dakika arubaini.
Kwenye safu ya matokeo wenzangu wa mbali
wanataka jibu la kipande hiki cha anga.
Sitaandika hakuna.
Naandika: kwa sikio la ukubwa huu,
kwa saa hizi tatu, mpigo dhaifu kuliko huu
ungeweza kunipita.

Kikombe chake kipo hapa, nusu,
bado kina moto.
Nafungua faili la pili.